Shavu la Kushoto

Siku ya ishirini na nne ya mwezi wa mwisho
miungu hupanda mbinguni kutoa taarifa,
nasi tuliobaki chini
tunapata ruhusa ya kushika vitambaa.

Mama alikuwa mkali kwa mambo haya.
Kwanza mikono, mpaka viwiko.
Kisha gazeti la jana juu ya meza,
kisha Kuan-im mwenyewe, anashushwa taratibu,
kiganja kimoja chini ya yungiyungi analokalia,
kingine mgongoni,
kama unavyompokea mtoto kwa mkunga.
Usimshike shingo.
Usiguse mkono wenye kichupa:
kidole cha mwisho kilianguka mwaka wa tetemeko
na gundi iliyokirudisha ni ya kubandikia viatu.

Maji hayana kazi hapa.
Huyu ni mti wa kafuri,
na ngozi yake ni dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Brashi ya manyoya ya mbuzi, kavu,
toka juu kwenda chini, fuata mkunjo wa vazi.
Masikioni, pamba kwenye kijiti,
polepole, maana masikio ndiyo kazi yake:
asikiaye vilio vya dunia
hafai kuzibwa na vumbi.

Alishafika mlangoni pa pumziko, Mama alinieleza,
mguu mmoja umevuka kizingiti,
akasikia mtu analia huku nyuma.
Akageuka.
"Basi. Hiyo ndiyo dini yote. Lete pamba."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipojitia ujuzi.
Mama yuko kibandani kwake, anakaanga chaza,
mimi niko peke yangu na sabuni ya vyombo.
Uso wa Kuan-im ulikuwa mweusi
kwa ubani wa bibi, na wa mama yake bibi,
nikataka arudi Mama akute jua limechomoza sebuleni.
Nikaanzia shavu la kushoto.
Masizi yakatoka.
Dhahabu ikatoka nayo.
Chini yake udongo mwekundu,
chini ya udongo, mti mtupu,
na sifongo mkononi mwangu inametameta
kama mwizi aliyevaa alichoiba.

Nilisubiri kofi.
Mama alivua kofia ya pikipiki,
akamtazama Kuan-im, akanitazama mimi,
akagusa shavu lake mwenyewe, la kushoto,
pale mafuta ya moto yalipomrukia zamani.
"Haya," akasema. "Sasa amefanana na sisi."

Sijasema jina lake. Aliitwa Bong-chhi.
Kwa lugha yetu: *mleeni tu.*
Binti wa tano. Baba yake alitaka mvulana,
akaenda kumwandikisha kwa shingo upande,
na karani akaandika alichosikia.
Mleeni tu, basi akalea:
mabata, mashemeji, mama mkwe
aliyesahau hata njia ya msalani,
mimi, na kile kipande cha kafuri juu ya rafu.

Mwaka huu nimemshusha peke yangu.
Nilimfunga kitambaa chekundu, nikamweka
katikati ya miguu yangu kwenye pikipiki,
nikampeleka kwa fundi Si, mtaa wa wachongaji, Lukang.
Akamgeuzageuza, akanusa, akatafuta mchwa. Hakuna.
"Nikimpaka dhahabu upya, atang'aa kama wa dukani."
Nikasema nitafikiri.
Njiani nilinunua machungwa. Mapera, hapana,
Mama alikuwa na sababu zake kuhusu mbegu za mapera
na hazitajwi mezani.

Vikombe vitatu vya chai. Ubani mmoja.
Brashi, kutoka juu kwenda chini.
Fundi alinionya: mti mtupu usiuguse kwa mkono,
unakunywa jasho.
Nimesikia.
Ila kila mara nikimaliza, kidole gumba
kinapita pale shavuni kabla sijakikataza,
na juzi, taa ikiwa upande wa dirisha,
niliona pameanza kung'aa.
Si dhahabu.
Mafuta ya mkono tu.